Usiutupe mgagani: mwongozo kamili wa kuutambua, kuuchuma, kuupika na kuutumia kama dawa

Mvua za kwanza zikipiga Dodoma, mwishoni mwa Novemba au ndani ya Desemba, kinachotangulia kuota shambani kwangu si mtama nilioupanda. Ni mgagani. Palizi ya kwanza inapofika, unaukuta umekaribia magoti. Jirani zangu wageni, waliokuja serikali ilipohamia huku na kununua viwanja Nala na Ihumwa, wanaulimia mbali pamoja na magugu mengine na kuurundika kando ya uzio ukauke. Jumamosi wanakwenda Soko la Majengo kununua fungu la mgagani huohuo.

Mwongozo huu nimewaandikia wao, na yeyote mwenye jembe mkononi ambaye hana uhakika aache nini na ang'oe nini. Niseme mapema ninapoegemea: mgagani ni mboga kwanza, dawa baadaye. Sifa zake nyingi za kutibu zinapitia chunguni. Anayeanza na kikombe cha mizizi iliyochemshwa na kuiacha sahani ya mboga ameshika mambo kinyume.

HATUA YA 1: Utambue kwa macho, kwa vidole na kwa pua

Kitaalamu unaitwa Gynandropsis gynandra. Machapisho mengi bado yanauita Cleome gynandra, jina alilolitoa Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, mwaka 1753, kwa hiyo ukikutana na majina yote mawili ujue ni mmea mmoja. Wakisii wa Kenya wanauita chinsaga. Kwa Kiswahili, mbali na mgagani, upo mkabilishemsi, jina ninalolipenda zaidi kwa sababu aliyelitunga alikuwa amesimama shambani akatazama. Nenda saa mbili asubuhi uone majani yalivyoelekea. Rudi saa kumi jioni, utakuta yamegeuka. Yanalikabili jua linavyosafiri.

Sasa chuchumaa karibu nao. Shina limesimama, lina matawi, mara la kijani tupu, mara lina rangi ya zambarau. Lipapase: lina vinyweleo vinavyonata kidogo na kukuachia harufu mkononi. Jani moja lina kikonyo kirefu, na juu yake vijani vilivyotandazwa kama vidole vya kiganja. Kwa kawaida ni vitano, ingawa utakuta vitatu na hata saba kwenye mmea huohuo, hasa majani ya juu karibu na maua ambayo huwa madogo na yenye vijani vichache. Mmea uliopata samadi hufika kiunoni au kuzidi. Uliopata shida huchanua ukiwa na urefu wa kiganja.

Ua ndilo kitambulisho kisichodanganya. Ni jeupe au lenye wekundu kwa mbali, na lina petali nne zilizobanwa chini na kupanuka juu, kama vijiko vidogo. Katikati kinainuka kijiti chembamba, na stameni sita zimechomoza ubavuni mwa kijiti hicho badala ya kukaa chini kwenye kitako cha ua kama tulivyozoea. Juu kabisa ya kijiti ndipo kinapokaa kifuko cha mbegu. Yaani sehemu za kiume na za kike zimebebwa kwenye mhimili mmoja, na hilo ndilo neno gynandra linalosema kwa Kigiriki: mwanamke na mwanamume pamoja. Kifuko kikikua kinakuwa ganda jembamba, refu kama kidole au zaidi, linalopasuka pande mbili likikauka. Mbegu ni nyeusi au za kahawia iliyoiva, ndogo kuliko za uwele, zenye mikunjo. Ukiziangalia kwa makini kila moja inafanana na konokono aliyejikunja.

Harufu na uchungu wake vina ukoo. Mgagani uko katika kundi kubwa moja na kabichi, haradali, mlonge na mpapai. Tafuna mbegu moja ya papai: ule ukali unaopanda puani ni wa aina ileile. Jani likipondwa, kemikali zilizokuwa zimetengwa ndani yake zinakutana na kutoa mafuta makali kama ya haradali. Likumbuke jambo hilo, maana nitalirudia kwenye dawa na kwenye kupe.

Na kwa nini unastawi Dodoma, mahali panapopata msimu mmoja tu wa mvua, milimita 500 hadi 700 hivi kwa mwaka? Mboga kama sukuma wiki jua likipanda zinalegea. Mgagani, sawa na mahindi, mtama, uwele na mchicha, una namna ya kuikusanya hewa ya kabonidioksidi na kuisukuma ndani zaidi ya jani kabla ya kuitumia. Kwa hiyo hauhitaji kuacha matundu ya jani wazi muda mrefu, na maji yanayopotea ni machache. Joto kali kwake ni neema.

HATUA YA 2: Ujue na usiyoyataka

Wageni huniuliza kama ni bangi. Vidole vya majani vinawachanganya. Bangi ina kingo zenye meno kama msumeno, mgagani kingo zake ni laini au zina vijino visivyoonekana kwa mbali, na ua halifanani hata chembe.

Hatari ya kweli ni mnanaha, ambao huota palepale penye samadi na mvua ileile. Ukiwa mkubwa huukosei: ua lake ni jeupe kama tarumbeta na tunda lake limejaa miiba. Ukiwa mchanga unaweza kuingia kwenye fungu la mboga bila mtu kushtuka. Jani lake ni moja zima, halikugawanyika vidole. Mmea wote ni sumu, kuanzia mizizi hadi mbegu: mdomo unakauka, mboni za macho zinatanuka, mtu anaanza kuongea na wasiokuwepo. Kwa hiyo kanuni ya kuchuma ni hii, hata kwa mtoto unayemtuma: jani lisilo na vidole haliingii kwenye ungo. Itapunguza mboga kidogo, lakini mtalala salama.

HATUA YA 3: Chagua mahali, kisha chagua siku

Mgagani mnene unaota pembeni ya mazizi, kwenye mahame ya boma la zamani, na penye udongo uliopinduliwa karibuni. Viwanja vinavyojengwa vimekuwa bustani yake mpya. Hapo ndipo pa kuwa na akili. Usichume kando ya barabara kuu, penye moshi na vumbi la magari, wala kwenye mifereji ya majitaka, hata kama majani ya pale ndiyo yanayong'aa kuliko yote. Usichume kwenye shamba la mtu bila kuuliza kama alipuliza dawa ya kuua magugu. Mmea uliopulizwa jana unaweza kuonekana mzima kabisa leo.

Muda mzuri ni wiki ya nne hadi ya sita tangu uote, kabla maua hayajatawala. Ukitokeza maua machache si neno, lakini kadiri maganda yanavyoongezeka majani yanapungua na uchungu unazidi. Chuma asubuhi. Usiung'oe: kata kilele kwa kucha, vidole viwili au vitatu chini ya ncha, mmea utoe matawi ya pembeni. Ukirudi kila wiki na kukata vilele vyenye maua, shina moja litakulisha mwezi mzima au zaidi.

HATUA YA 4: Chambua na upike

Tenganisha majani na vikonyo vigumu. Kaa na mtu mwingine, kazi hii peke yako inachosha. Osha mara mbili, kwa sababu vinyweleo vinashika mchanga, na mchanga wa Dodoma mnaujua.

Uchungu unaondolewa kwa njia tatu, na kila nyumba hutetea ya kwake. Wengine huchemsha dakika kumi, humwaga maji, huweka mengine. Uchungu unatoka, na vitamini C nyingi inatoka nao. Wengine hutia magadi, mboga inalainika haraka na kubaki na rangi nzuri, ila magadi yanaharibu vitamini hiyohiyo na baadhi ya vitamini B. Njia ya tatu, ambayo ndiyo ninayoifuata, ni kuchanganya na kitu kinachotuliza uchungu.

Weka maji kikombe kimoja kwa fungu kubwa mbili za majani, yachemke, tia majani, funika. Baada ya dakika nane hivi geuza. Maji yakikaribia kukauka tia nyanya mbili zilizokatwa na kitunguu, acha ziive. Koroga karanga zilizosagwa, vijiko vinne vya chakula, kwenye maji vuguvugu, mimina, punguza moto, na usiache kukoroga hadi mafuta ya karanga yaanze kuonekana juu. Mwenye ng'ombe atatumia maziwa badala ya karanga, na mgagani uliolala usiku mmoja kwenye maziwa ukapashwa moto asubuhi ni mtamu kuliko ulivyokuwa jana. Asiye na friji auangalie joto la Januari kabla ya kujaribu hilo. Kwa anayeanza, au mtoto anayekataa, changanya nusu kwa nusu na mchicha.

Ugali wa uwele ndio mwenzake. Wa sembe unafaa, lakini wa uwele ndio mwenzake.

HATUA YA 5: Kausha wa kiangazi

Kuanzia Mei hadi Novemba shamba la Dodoma halina jani. Wagogo wanazikausha mboga zao tangu zamani, mlenda ukiwa mbele, na mgagani unafuata njia hiyohiyo. Chovya majani yaliyochambuliwa kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili, chuja, tandaza membamba kwenye chanja au mkeka. Kosa la wengi ni kuanika juani moja kwa moja juu ya bati. Jua kali linaiua ile asili ya vitamini A iliyomo kwenye majani, na unabaki na majani ya kahawia yenye ladha ya nyasi. Anika kivulini penye upepo, au funika kwa kitambaa chepesi cheusi, geuza mara mbili kwa siku. Upepo wetu utamaliza kazi kwa siku mbili au tatu. Likikunjwa jani livunjike, lisipinde. Hifadhi kwenye chombo chenye mfuniko unaokaza, mahali penye giza. Ukiona ukungu, tupa chote. Usichague palipo pazuri.

HATUA YA 6: Kwenye dawa, nenda polepole

Hapa ndipo maneno yanapokuwa mengi kuliko mmea wenyewe, kwa hiyo nitatenganisha ninayoyafanya, ninayoyajua tu, na nisiyoyagusa.

Kubwa kuliko yote ni damu. Mgagani hupewa wajawazito na akina mama waliojifungua karibu kila mahali unapoliwa Afrika Mashariki, na desturi hiyo ina mantiki: majani yana madini ya chuma, kalisi, na asili ya vitamini A kwa wingi. Lakini chuma cha majani hakiingii mwilini kirahisi kama cha nyama, na namna ya kula ndiyo inayoamua. Kamulia limao au ndimu mezani, au pika na nyanya, kwa sababu vitamini C inakisaidia kuingia. Chai isogezwe saa moja au mbili mbali na mlo, kwa maana rangi ya majani ya chai inakishika chuma na kukizuia. Mama anayekula sahani ya mgagani mara tatu kwa wiki, kisha kila mara akashushia chai ya rangi, anajinyang'anya mwenyewe. Na vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki aendelee navyo. Mboga inakaa pembeni ya vidonge, haikai badala yake.

La pili ni maumivu ya kichwa, viungo na misuli. Majani mabichi yanapondwa na kufungwa mahali panapouma, au yanafikichwa na kunuswa. Yanafanya kazi kwa kuichokoza ngozi: mafuta makali niliyoyataja yanaleta joto na damu juu juu, na maumivu ya ndani yanapungua kwa muda. Hiyo ndiyo nguvu yake, na hapohapo ndipo yanapounguza. Mwaka juzi goti lilinisumbua baada ya kupalilia siku nzima, nikaponda majani, nikafunga kwa khanga, nikalala nayo. Asubuhi goti lilikuwa na malengelenge kama nimemwagikiwa na uji. Bibi jirani yetu alicheka kwanza, kisha akasema, "Mjukuu wangu, ile ni dawa ya kukaa nayo wakati ugali unaiva, siyo ya kulala nayo."

Kwa hiyo fanya hivi. Ponda majani kiganja kimoja. Jaribu kidogo ndani ya mkono kwa dakika tano. Pakibaki salama, tandaza kitambaa chepesi mahali panapouma, weka majani juu ya kitambaa, kaa dakika kumi. Ukihisi kuwashwa kama pilipili, toa na osha kwa maji na sabuni. Usiweke kwenye kidonda, usoni, wala kwenye ngozi ya mtoto mdogo.

Mafua yakibana, harufu ya majani yaliyofikichwa inafungua pua kwa muda mfupi, kama haradali inavyofanya. Hakuna zaidi ya hapo.

Sasa ninayoyajua ila siyafanyi. Utomvu wa majani hudondoshwa sikioni kwa maumivu ya sikio, huku kwetu na hata Asia. Kama kiwambo cha sikio kimetoboka, na wewe huwezi kuona kama kimetoboka, unapeleka kitu kinachounguza na uchafu wa shambani moja kwa moja ndani. Sikio linalouma, hasa la mtoto, au linalotoa usaha, ni la kupelekwa zahanati. Utomvu huohuo kwenye macho, hapana kabisa. Mizizi huchemshwa kwa homa na kifua. Homa ya Dodoma msimu wa mvua inaweza kuwa malaria, na kipimo chake kinatoa jibu ndani ya nusu saa, kwa hiyo siku moja ya kungoja mizizi ifanye kazi ni siku iliyopotea. Mbegu zinatumika kama dawa ya minyoo, hasa India, lakini kipimo salama cha nyumbani sina cha kukupa, na vidonge vya minyoo ni bei ndogo.

Majani yaliyopondwa hubandikwa pia palipoumwa na nge. Bandika ukipenda wakati unatafuta usafiri, lakini mtoto aliyeumwa na nge aende hospitali. Nge mwenye mkia mnene na magando membamba ndiye wa kuogopwa zaidi.

Wawili watahadhari hata kwenye mboga. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asirukie kula majani mengi ghafla, wala kuacha ghafla. Vitamini K ya mboga za majani inabishana na dawa hiyo, kwa hiyo kiasi kiwe kilekile wiki hadi wiki na daktari aambiwe. Mjamzito naye ale mboga iliyopikwa, akae mbali na mizizi na mbegu zilizochemshwa.

Na ukianza kuusaga, kuupakia na kuuandika kwenye kopo kwamba unatibu, umetoka jikoni. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002, na ipo chini ya Baraza lake. Nenda kasajili kwanza.

HATUA YA 7: Mifugo

Ile harufu inayotufanya tukunje pua, kupe hawaipendi. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, waliupima mgagani miaka ya 1990 na kukuta kwamba mafuta yake yanamfukuza kupe wa masikio wa kahawia, yule anayeeneza ndigana kali. Mimi naacha ukanda wa mgagani uote kuzunguka zizi la ndama, na maganda yakikomaa mbegu zinajidondokea zenyewe. Josho sijaliacha. Ng'ombe anayekwenda malishoni anatembea mbali kuliko ukanda wangu unavyofika.

HATUA YA 8: Weka mbegu

Msimu wangu wa kwanza nilikamua maganda Aprili, nikapanda kitaluni wiki iliyofuata kwa maji ya kisima. Haukuota hata mmoja, nikalaumu kisima. Kosa lilikuwa langu: mbegu mbichi ya mgagani ina usingizi wake, na inahitaji miezi kama mitano au sita baada ya kuvunwa ndipo iote vizuri. Ukivuna Aprili, ikikaa hadi Novemba imekuwa tayari, na mvua nazo zinafika. Mmea umekwisha kupiga hesabu.

Chagua mashina matano au sita yaliyochelewa kuchanua na yenye majani mapana, usiyachume, yaache yazae. Kata maganda yakigeuka manjano kabla hayajapasuka, yaweke kwenye mfuko wa karatasi, yakauke kivulini, pukuta, peta. Hifadhi kwenye chupa kavu na uandike mwezi.

Wakati wa kupanda, changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisirundikane, chora mifereji yenye nafasi ya sentimita 30, nyunyiza, kisha funika kwa udongo wa kina cha sentimita moja. Usiziache juu wazi. Mwanga unaizuia mbegu hii kuota, giza na joto vinaiamsha. Ndiyo maana unaota kwa wingi baada ya jembe kupita na kuzigeuzia mbegu chini. Yaani wewe uliyelima ili kuuondoa ndiye uliyeupanda. Samadi iliyooza, ndoo moja kwa kila hatua mbili za mfereji, inatosha. Miche ikifika urefu wa kidole, punguza ibaki kwa nafasi ya kiganja, na hiyo uliyoipunguza ioshe, ndiyo mboga yako ya kwanza.